Kabla hujafunga AC sita kwenye nyumba ya babu yako Kiponda

Waalaykum salaam dada yangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili na picha zote nimeziangalia moja moja. Kwa wengine wanaosoma, dada anasema yeye na ndugu zake wamerithi nyumba ya babu yao Kiponda, Mji Mkongwe, ghorofa tatu, kuta za mawe, ua katikati. Juu joto, chini unyevu, umeme unawamaliza, na fundi kawashauri mambo manne: wapige lipu ya saruji kuta zote za chini, watoe madirisha ya mbao waweke ya alumini na vioo, waufunike ua kwa bati za plastiki mvua isiingie, halafu wafunge AC sita. Anauliza kama kweli nyumba ya zamani ndo inavofanywa hivo ikitakiwa ipunguze umeme, na kama sola inaruhusiwa mjini.

Hapana dada, usikubali, na wala simtukani fundi wako, mana hiyo ndo kazi anayoiona kila siku kwenye nyumba za matofali huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na kule inafanya kazi. Lakini kwenye nyumba ya mawe na chokaa hayo mambo matatu ya mwanzo ndo yatakayokulazimisha uende kwenye hilo la nne, utakuwa umelipa pesa nyumba iwe na joto halafu unalipa tena kila mwezi kulitoa hilo joto.

Hiyo nyumba ilijengwa ipooe bila umeme na mpaka leo inaweza, ila imezibwa zibwa. Wenye umri wangu wanakumbuka 2008 umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima tukakaa kama mwezi gizani, halafu ukakatika tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, tena miezi yenyewe ya kaskazi, ya joto kali. Mie wakati ule nlikuwa nazunguka nyumba za watu kwa kazi hizi hizi za ukarabati na nakwambia nyumba zilokuwa zinalalika ni zile ambazo ua wake uko wazi na madirisha yake ya mbao bado mazima. Zile zilokuwa zishafungwa vioo na ua umeezekwa, watu walitoka na magodoro wakalala juu ya paa.

Sasa joto lenyewe linaingilia wapi, hili lazima ulijue kwanza kabla hujatoa hata shilingi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, nyumba inaifunika nyumba, kwahiyo kuta zako nyingi hazilioni jua isipokuwa kidogo asubuhi ama alasiri. Kinachopigwa ni paa. Sisi tuko digrii 6 kusini ya ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliobaki haliendi mbali. Fanya hivi, leo leo, saa mbili usiku panda ghorofa ya juu uweke kiganja kwenye dari, halafu shuka uweke kiganja kwenye ukuta wa ukumbi wa chini. Dari utaikuta ya moto kama imetoka jua sasaivi na ukuta wa chini baridi. Hapo hujahitaji mtaalamu, ushajua pesa inatakiwa iende wapi, iende juu.

Kwenye picha naona bati lako ni la zamani, limeshika kutu na limekaa rangi ya kahawia, na chini yake kuna dari ya mbao za kubandika, katikati hapana kitu, hewa imekaa tu inachemka. Bati la kutu linanyonya jua vibaya sana. Likibadilishwa ama likapakwa rangi nyeupe ya bati, joto kubwa linarudi juu kabla halijaingia, hiyo ndo kazi ya bei rahisi kuliko zote na itakusaidia kuliko kiyoyozi chochote. Ila rangi ya paa waulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, mana mapaa yetu yanaonekana, na toka mji uingie kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 kila kinachoonekana kwa nje kina taratibu zake. Kisha hiyo hewa ya chini ya bati itolewe, pale pembeni mwa paa palikuwa na mbao za nakshi zenye matundu, babu zetu hawakuweka kwa urembo peke yake, hewa moto ilikuwa inatokea hapo. Kwako naona zimepigwa plaiwudi kwa ajili ya njiwa. Toa plaiwudi weka wavu, njiwa haingii na hewa inapita. Chini ya bati tandika ile karatasi ya ng'arang'ara inayorudisha joto, iache ipate upenyo wa hewa baina yake na bati usiigandishe, na juu ya dari ukipata uwezo laza blanketi za nyuzi za madini zisizoshika moto. Nasema zisizoshika moto kwa msisitizo, huko juu ndo waya za zamani zinapita na panya washazitafuna, usiende kuniwekea masponji.

Nije kwenye saruji, hapa ntakaa kidogo kwa sababu panauma.

Miaka ile naanza kazi, ami yangu mmoja alikuwa na nyumba Malindi, ukuta wa sebule ya chini unabanduka chokaa, unyevu umefika kwenye goti. Fundi aliyekuwepo akasema tupige saruji tumalize, na mie ndo nlokuwa msimamizi nikakubali. Tukapiga lipu ya saruji mpaka kifuani, ikapakwa rangi ya mafuta, ikawa inang'aa, ami akafurahi. Mwaka wa pili unyevu ukatokea juu ya ile saruji, begani, halafu ukaenda juu ya mlango. Tulipokuja kuibandua ikatoka kipande kizima kama gamba, na nyuma yake ule udongo wa kati ya mawe umelowa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, unauchota kwa kidole. Nikagusa kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani, kikanitoka mkononi kama ugoro. Boriti nne za chumba cha juu zilikuwa zishaoza hivohivo na juu yake bibi analala. Sijawahi kuisahau harufu ya ule ukuta.

Kilichotokea ni hichi. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, zinanyonya maji kutoka chini na zinayatoa kwa kukauka kwa juu ya uso wake, kila siku, na chumvi iliomo inatoka nayo inabandua chokaa kidogo kidogo, unapaka tena, maisha yanaendelea. Saruji haipitishi huo unyevu inavotakiwa. Ukiuziba uso wa ukuta, maji hayajaisha, yanapanda mpaka yapate pa kutokea, na yakikutana na kichwa cha boriti yanakaa hapo hapo. Na hili linahusu umeme vilevile, watu hawaliunganishi. Ukuta uliolowa unapitisha joto zaidi kuliko mkavu, na ule unyevu unaoingia chumbani ndo kiyoyozi kinahangaika nao, sehemu kubwa ya umeme wa kiyoyozi kwetu hapa inaenda kuigeuza hewa mbichi iwe maji yanayodondoka kwenye mpira. Chumba kikavu kinapoa upesi, chumba chenye ukuta uliolowa utawasha mpaka alfajiri na shuka bado ina ubichi.

Kwahiyo chini bandua saruji yoyote iliokwishapigwa, polepole na kwa mkono, usilete mashine ya kutikisa ukuta. Uache ukuta ukauke, na ukauke kweli, miezi, pengine msimu mzima wa kusi, ule wa upepo wa kusini, halafu upige lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu, sio mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Chokaa iwe imelowekwa ikakaa, wiki kadhaa ndani ya pipa au shimo, ukipewa chokaa iliolowekwa jana kataa, vile vipande ambavyo havijaiva vinakuja kufura ndani ya lipu na kuitoboa. Inapigwa tabaka nyembamba, kila tabaka inanyunyiziwa maji na kufunikwa magunia mana chokaa inakauka kwa kuvuta hewa polepole, ukiiharakisha inapasuka. Juu yake chokaa ya kupaka, nyeupe, hapana rangi ya plastiki wala ya mafuta. Mafundi wa chokaa wapo bado mjini, wazee wengi lakini na vijana wameanza, ukienda Mamlaka watakwambia nani anafanya.

Lakini hata chokaa bora kuliko zote haitokusaidia ikiwa maji yanaingia kutoka juu. Nimeona kwenye picha ya nne, pembeni ya choo, ukuta una alama ya kijani inayoshuka toka kwenye paa. Hiyo ni gata. Paa lako na la jirani yanakutana kwenye mfereji mmoja, umejaa majani na kinyesi cha njiwa, mvua ikija maji yanafurika ndani ya ukuta wa shirika, ule mnaochangia na jirani. Kasafisheni na kazibeni kabla ya masika, hata kama hamna pesa ya kitu chengine chochote. Sote tuliona 25 Disemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulivoporomoka, lile jumba la sultani la 1883, tena ukarabati unaendelea. Nyumba za mawe zinavumilia sana mpaka siku zinapochoka.

Madirisha. Dada, usiyatoe. Dirisha la alumini la kutelezesha likifunguka lote linakupa nusu tu ya tundu, nusu ya pili daima kioo kiko njiani, lile la mbao unafungua mabawa mawili unapata dirisha zima. Halafu kioo kinaliachia jua likaingia ndani na likishaingia halitoki, wakati mbao za vipande zinalizuia jua nje na upepo unapita katikati ya vipande, kivuli na hewa kwa pamoja bila kupigwa chabo na wapita njia. Kwenye picha naona mawili yameoza chini na moja limevunjika vipande, hayo yanatengenezeka, seremala anakata sehemu mbovu tu anaunga mbao mpya, msaji au mvule, hana haja ya kukutengenezea dirisha jipya. Chumba chochote utakachotaka kiyoyozi weka kioo kwa ndani, fremu nyembamba ya mbao inayofunguka, na mbao za nje zibaki kama zilivo. Nje hakuna atakayejua. Na wavu wa mbu usiufunge madirisha yote, unakata upepo sana, chandarua kitandani kinatosha na kwa joto letu ni bora zaidi.

Uliniambia bibi yako alikuwa na mtindo wa kufunga madirisha ya upande wa jua asubuhi na kufungua yote jioni na wewe uliona ni ukaidi wa kizee. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Ukuta wa nusu mita unachelewa kupata moto na unachelewa kupoa, mchana unaukinga na hewa moto na jua, usiku unafungua kila kitu ili upepo ulitoe joto ambalo ukuta umejiwekea. Kwetu tofauti ya joto la mchana na usiku ni ndogo, sio kama jangwani, ndo maana ukuta mnene peke yake hautoshi, lazima na hewa itembee.

Na hewa inatembea kwa sababu ya ua. Hapa ndipo ningekushika mkono dada kama ningekuwa karibu, usiufunike ule ua. Hewa ya joto inapanda inatokea juu ya ua, inavuta hewa ya baridi ya kichochoroni ipite mlangoni na kwenye vyumba vya chini. Ule mlango mkubwa wa nakshi na yale matundu ya juu ya milango ya vyumba ni sehemu ya mtambo huohuo, naona matundu matatu yamezibwa kwa tofali, yafungueni. Ukieka plastiki juu, ua unakuwa tanuri na bomba la hewa limezibwa. Kama mvua ndo inayokusumbua, na najua masika inasumbua kwa kuwa jiko lenu liko ng'ambo ya ua, basi ezeka kipaa kidogo kilichonyanyuliwa juu ya kuta za paa, pande zote nne pabaki wazi nusu mita au zaidi, maji yaende kwenye gata yake na hewa itoke. Sakafu ya ua iwe na mteremko na maji yatoke nje, yasisimame kwenye msingi. Miti ya kwenye vyungu ni mizuri, weka mingi, ila usiegemeze ukutani ukamwagia maji kila siku.

Sasa AC. Sikukatazi. Joto la Februari nalijua na kama mnataka kupangisha vyumba viwili kwa wageni ni haki yao walale. Tufanye hesabu tu. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 cha mtindo wa zamani kinavuta kama kilowati moja na kidogo, kikifanya kazi saa nane bila kupumzika ni karibu uniti tisa. Sita ni zaidi ya uniti hamsini kwa usiku mmoja. Pangaboi ya wati 70 kwa saa hizo hizo nane haifiki hata uniti moja, ni kama nusu. Kwahiyo pangaboi kila chumba, ifungwe kwenye boriti nzima ilopimwa sio kwenye mbao ya dari, na AC mbili tu za inveta, zile zinazopunguza kasi zenyewe chumba kikishapoa, kwenye vile vyumba viwili vidogo vya upande wa nyuma. Chumba cha AC kizibwe vizuri chini ya mlango na darini, na muiweke 25 au 26 na pangaboi inazunguka taratibu. Mgeni akiweka 18 tatizo ni zaidi ya umeme, hewa yetu ina maji mengi, ukuta na dari zikipoa sana zinaanza kutoa jasho upande wa pili, kwenye chumba cha jirani, na baada ya wiki unaona ukungu mweusi. Khasa Machi na Aprili.

Kile kiboksi cha nje kisikae kwenye uso wa nyumba upande wa njia, hilo hata Mamlaka hawatokukubalia, lakini usikiweke uani vilevile, kitamwaga joto ndani ya hewa ambayo nyumba nzima inavuta. Kipandishwe juu ya paa, nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, na kioshwe kwa maji matamu mara kwa mara kwa sababu ya chumvi ya bahari. Na ule mpira wa maji! Nimeshaona nyumba ngapi ule mpira umetolewa tundu ukutani ukaachwa udondoke kwenye jiwe. Wakati wa unyevu unatoa lita moja na zaidi kwa saa. Uunganishe na bomba mpaka kwenye mtaro. Waya nazo msichimbe kuta kupitisha, pitisheni kwenye bomba nyembamba kandokando ya boriti, zikipakwa rangi ya ukuta hazionekani.

Sola inawezekana, lakini omba ruhusa kabla hujanunua, peleka mchoro na picha ya paa kwa kila upande wa njia. Kinachoangaliwa zaidi ni kama zinaonekana. Wewe una ukuta wa paa upande wa mbele kwahiyo nyuma yake panajificha. Wasiwasi wangu kwako ni uzito. Paneli moja kubwa ina kilo ishirini na zaidi, na upepo wa kusi unainyanyua kama tanga, fremu isikae juu ya mbao za bati, isimame juu ya kuta zenyewe. Alumini na nati za chuma kisichoshika kutu, mabati ya kawaida mwaka mmoja tu yashaliwa. Na usianze na mfumo mkubwa, anza na wa kubeba friji, taa, pampu na mapangaboi, vitu ambavyo mwaka mzima vinafanya kazi. Maji ya moto wala usitie hita ya umeme, tangi jeusi dogo juu ya paa kwa hali ya hewa yetu linatosha kuogea.

Hilo tangi liwe dogo kweli lakini. Nimeona kwenye picha ya saba mnalo tangi la lita elfu moja limekaa katikati ya paa la nyuma. Maji lita elfu ni tani moja dada, limesimama katikati ya boriti ambazo ziliwekwa kubeba watu na magodoro. Vyumba vyetu vina upana wa mita mbili na nusu mpaka tatu kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo, na nguvu yake yote iko kwenye vichwa viwili vilivyoingia ukutani. Lishusheni chini mlitie pampu ndogo. Na fundi akikwambia basi tumwage zege pale juu liwe imara, mwambie hapana, uzito wa zege utapasua kuta za chokaa na nondo zitashika kutu kwa chumvi.

Kwahiyo kwa sasaivi, kabla ya fundi yeyote kuingia, toeni maji kwenye lile tangi, safisheni gata, halafu wewe mwenyewe au kaka yako apande na tochi na bisibisi kwenye chumba kilicho chini ya choo cha ghorofa ya pili, agonge kila boriti kwa mpini pale inapoingia ukutani. Nzima inalia kavu, mbovu inalia kama unagonga mkate. Ikilia hivo adidimize bisibisi aone inaingia kiasi gani. Nipigie picha za vichwa vyote vya upande ule wenye alama ya kijani na uniandikie ngapi zimeingia bisibisi, hapo ndo ntaweza kukwambia kama mnaanza na paa au mnaanza na kuegemeza ile dari kwa nguzo, na mpaka nikujibu pale chini yake asilale mtu.